Hodi Katika Chumba cha Mtoto





Miongoni mwa vijana niliowasomesha chuoni tangu juzuu ya Amma, yuko mmoja ambaye leo ni baba wa watoto watatu. Alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana karatasi aliyochorewa na fundi. Akasema: "Maalim, nimejaaliwa kuongeza chumba, na chumba hiki nataka kiwe cha mwanangu mkubwa. Sasa ana miaka minne. Sina uwezo wa kuvunja na kununua upya kila baada ya miaka mitatu. Nataka chumba kitakachokua pamoja naye. Hebu nitazamie."

Nikatazama. Kitanda kilikuwapo, na rafu za kupandishwa ukutani, na mahali pa meza ya kusomea, na dirisha. Nikamwuliza: "Na mlango je?" Akacheka, akaweka kidole juu ya karatasi. "Mlango si huu hapa, Maalim!" Nikamwambia: "Hilo ni tundu la mlango nimeliona. Ninalokuuliza ni nani ataingia humo, wakati gani, na kwa idhini ya nani."

Akanyamaza. Tukakaa barazani tukizungumza mpaka adhana ya Magharibi. Niliyomwambia jioni ile ndiyo ninayotaka kukuandikia wewe, kwani swali hili si la anayejenga peke yake. Ni la kila mwenye mtoto, hata kama nyumba yake ni chumba kimoja cha kupanga.

Mambo yaliyo mepesi

Mambo ya vyombo ni mepesi, basi na tuyamalize kwanza. Kitanda cha futi 3 kwa 6 chamtosha mtoto wa miaka minne na chamtosha kijana wa miaka ishirini. Tofauti ni kuwa yule mdogo hutiwa ubao ubavuni asianguke, na akikua ubao ukaondolewa. Misumari ya kutundikia nguo ipigwe pale mkono wake unapofika, apate kuzoea kutundika mwenyewe, kisha ipandishwe kila anapopanda. Ukuta upakwe chokaa au rangi moja ya utulivu, kwani mapambo ayapendayo leo atayaonea haya kesho. Chandarua kisikosekane. Meza iwe karibu na dirisha. Haya yote fundi ayajua kuliko mimi.

Lakini mtoto hakui urefu peke yake. Hukua akili, hukua haya, na hukua nafsi yake ndani yake mpaka akawa mtu kama wewe. Chumba kilichokua kwa kitanda na rafu, na kisikue kwa hayo mengine, hakijakua. Ni chumba cha mtoto mchanga amewekwa mtu mzima ndani yake.

Walivyopanga wazee wetu

Huenda msomaji akasema: "Chumba cha mtoto ni mambo ya Kizungu. Sisi tulilala mikekani, tena wanane, na tukakua." Ni kweli kuwa wazee wetu hawakuwa na chumba kiitwacho cha mtoto. Lakini si kweli kuwa hawakupanga.

Tazama zile nyumba za mawe za Lamu. Mtu hakuingia kutoka njiani mpaka kitandani. Alipita daka, akaja tekani, akaingia kiwanda, kisha misana, na mwisho ndiyo ndani. Kila hatua ilikuwa na watu wake wa kufika hapo. Misana yenyewe ilikuwa myembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, nazo si ndefu. Vitanda vikawekwa kwenye ncha za msana na mbele yake pakapitishwa pazia. Chumba kile kile mchana kilikuwa mahali pa kukaa watu, na usiku pazia likishuka kilikuwa malazi yenye stara.

Mtoto naye alihama ndani ya nyumba ile kwa kadiri ya umri wake. Mchanga alilala na mama yake. Mwanamume akibaleghe alitolewa akalala sabule, upande wa wageni na wanaume. Mwanamke alibaki upande wa ndani, na akiolewa, baba mwenye uwezo alimpa nyumba au ghorofa. Ilipokuwa lazima kuvuka njia, alijenga wikio juu yake, apate kupita kwenda kwa mama yake bila ya kushuka njiani. Nyumba nzima ilikuwa ikikua pamoja na watoto. Basi anayetaka leo chumba kinachokua hakuzua jipya. Anatafuta kwa saruji jambo ambalo babu zake walilijua kwa chokaa na boriti.

Lililopotea kwetu ni ule mpango. Tumejenga kuta nyingi zaidi na tumepunguza hodi. Mapazia tumeyashusha tukaweka milango ya mbao, kisha mlango huo wa mbao unasukumwa na kila apitaye.

Mafundisho ya dini juu ya malazi

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watoto wafikapo miaka saba waamrishwe sala, na wafikapo kumi watenganishwe katika malazi. Wanavyuoni wamelieleza kuwa yatosha kila mtoto awe na tandiko lake, ijapokuwa chumba ni kimoja. Basi asidhani maskini kuwa hukumu hii imeteremkia matajiri.

Na katika Suratun-Nur, aya ya 58 na ya 59, Mwenyezi Mungu ameweka daraja mbili. Watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa ya kuingia nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Wakishabaleghe, waombe ruhusa nyakati zote. Zingatia hekima iliyomo. Mtoto hakuambiwa siku moja asubuhi, "Leo umekuwa mkubwa, bisha hodi." Alianza na nyakati tatu angali mdogo, akazoea, ndipo akapewa sheria nzima.

Hapa huenda mtu akaniuliza: "Maalim, aya hii yamwamrisha mtoto abishe hodi kwa mzazi. Wapi alipoamrishwa mzazi abishe hodi kwa mtoto?" Ni swali la haki. Jawabu yake imo katika kitabu cha Imam Bukhari kiitwacho Al-Adab al-Mufrad, ambacho amekusanya humo mambo ya adabu. Amepokea humo kutoka kwa sahaba Jabir (R.A.) kuwa mtu ataomba idhini kwa mwanawe, na kwa mama yake ijapokuwa ni mkongwe, na kwa ndugu yake wa kiume na wa kike, na kwa baba yake. Mwana ndiye aliyetajwa mwanzo. Na humo humo imo habari ya Ata, aliyemwuliza Ibn Abbas (R.A.) kama ni lazima aombe idhini kwa dada zake, hali ya kuwa ni yeye anayewalea na kuwalisha. Ibn Abbas akamjibu kuwa naam, aombe, na akamwuliza kama angependa kuwaona wakiwa uchi.

Tazama Ata alivyouliza. Ni kama sisi tusemavyo: "Nyumba ni yangu, chakula ni changu, nitabishaje hodi ndani mwangu?" Na jawabu ilimrudia kuwa kulisha hakuondoi stara ya anayelishwa.

Hodi ni ngao ya mtoto

Sasa nataka kusema jambo ambalo sisi watu wa pwani twaona haya kulisema, na haya yetu hiyo imewagharimu watoto wengi.

Nyumba zetu ni za ukarimu. Mgeni akija hatumwambii hapana nafasi. Binamu kutoka bara, rafiki wa mjomba, kijana aliyekuja kutafuta kazi, wote hupata pa kulala. Na mahali pa kwanza tunapopafikiria ni kwa mtoto: "Leo utalala na fulani." Mtoto haulizwi. Wakati mwingine hukunja uso, naye huambiwa hana adabu kwa wageni. Na wengi wa watoto waliodhuriwa hawakudhuriwa na mtu wa njiani. Walidhuriwa na mtu waliyemjua, aliyeaminiwa, ndani ya nyumba.

Mtoto ambaye tangu utotoni ameona kuwa kila mtu husukuma mlango wake, hufunua shuka lake na hulala kitandani kwake bila ya kumwuliza, siku mbaya ikija atajuaje kuwa ni mbaya? Hana mpaka aliouona ukiheshimiwa, basi hatautambua ukivunjwa. Lakini aliyezoea kuona baba yake mzazi, mwenye nyumba, anasimama mlangoni akasema hodi na akangoja, huyo akiingiliwa na mwingine bila ya hodi atashtuka. Na mtoto aliyeshtuka hupiga kelele, au asubuhi humwambia mama yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hodi si ada za kuremba tu. Ukarimu kwa mgeni ni sunna, lakini kitanda cha mwanao si chako kukitolea sadaka. Mgeni na alale sebuleni, au baba na alale na mgeni, na mtoto abaki mahali pake.

Kulinda na kupeleleza

Wako watakaosema: "Ukimpa mtoto mlango, atafanya nyuma yake asiyopasa. Siku hizi kuna unga, kuna bangi, kuna mambo ya simu. Mzazi lazima ajue." Na mimi nasema lazima ajue. Mzazi ni mchunga, na mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, wala sijaona mahali palipoandikwa kuwa watoto wametolewa katika katazo hilo.

Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 15, mtu mmoja alininong'oneza msikitini kuwa amemwona na vijana wasiofaa. Sikumwuliza mtoto. Nilingoja aende shule, nikachukua patasi, nikavunja kufuli la kasha lake. Nikakuta daftari, shati jipya, shilingi chache, na picha ya timu ya mpira ya mtaani kwetu. Hapakuwa na kitu. Aliporudi akaona kufuli limevunjika, akanitazama, na hakusema neno.

Tangu siku ile hakulifunga tena lile kasha. Aliliacha wazi mchana na usiku, na ndani yake hamkuwa na kitu ila nguo. Vitu vyake alivihamishia kwa rafiki yake. Na maneno yake pia aliyahamishia huko. Mimi niliyetaka kujua kila kitu nikawa sijui lolote, na kasha liko wazi mbele ya macho yangu. Ilinichukua miaka mingi kumwomba radhi, naye ni mtu mzima ana watoto wake. Akaniambia: "Baba, lau ungeniuliza, ningekupa ufunguo."

Nimelitaja hili ili lisikupate. Kulinda na kupeleleza ni vitu viwili. Anayelinda huja kwa mlango. Kukiwa na dalili iliyo wazi, kama mtoto amebadilika hali, haendi shule au anaiba, basi ni wajibu wako kuingia, na hata kupekua. Lakini ingia naye yupo, mwambie unatafuta nini na kwa nini, na usipokikuta sema, "Nisamehe." Anayepeleleza huja mwenyewe hayupo, kwa dhana tu, na akikosa hunyamaza. Wa kwanza humwacha mtoto na hasira ya siku mbili. Wa pili humfunza kuficha vizuri zaidi.

Namna ya kukikuza chumba

Basi nilimwambia yule kijana wangu apange chumba kwa daraja, nami nakuandikia wewe kama nilivyomwambia.

Mtoto mchanga chumba chake ni ubavu wa mama yake. Hana haja ya mlango. Haja yake ni kusikiwa akilia.

Afikapo miaka mitano au sita, mpe kitanda chake na mahali padogo pa vitu vyake, kidaka au kisanduku, na ndugu zake wakatazwe kuchukua humo bila ya kumwuliza. Hapo atajifunza neno "changu", na kwa njia hiyo atajifunza neno "chako". Mlango ubaki wazi. Na yeye azoezwe zile nyakati tatu za kuomba ruhusa kwenu.

Afikapo kumi, tenganisha malazi kama tulivyofundishwa. Mlango warudishwa anapovaa, na kila aingiaye abishe, akiwamo baba. Kazi ya kufagia na kutandika iwe yake, kwani mahali pasipokuwa na wajibu hapana haki.

Akibaleghe, mpe komeo. Nalijua neno hili litawashtua wengi. Lakini yeye sasa ameandikiwa mema yake na mabaya yake, anasimama mwenyewe mbele ya Mola wake katika sala na saumu. Vipi Mwenyezi Mungu amwamini kwa amri zake, na sisi tusimwamini kwa komeo la shilingi chache? Sharti ni kuwa akigongewa afungue, na kuwa chumba ni cha kulala na kusoma, si cha kuikimbia nyumba. Kula ni pamoja, na sala ya pamoja isimpite.

Juu ya simu nina neno moja. Simu ni mlango wa pili wa chumba, nao haufungukii ukumbini bali hufungukia dunia nzima, na aingiaye humo habishi hodi. Kwa hiyo usiku simu zilale nje ya vyumba, katika kikapu kimoja, na ya baba iwe ya kwanza kutiwa humo. Ukiitoa ya mtoto na yako ukalala nayo mtoni, umemfunza kuwa sheria ni ya wanyonge.

Na uadilifu baina ya watoto usisahaulike. Katika Hadithi ya Nuuman bin Bashir (R.A.), Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mwana mmoja na wenzake wasipewe. Nyumba nyingi zetu mwanamume akibaleghe hupewa chumba cha nje, na dada yake mwenye umri ule ule hulala na wadogo watatu, hana hata msumari wake wa kutundika buibui. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya stara, na yeye ndiye anayekumbukwa mwisho.

Kwa mwenye chumba kimoja

Mwisho, kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anajisemea: "Maalim anawaandikia wenye nyumba." La. Nilikulia mimi katika nyumba ya udongo ya ukumbi katikati na vyumba kando, na kila chumba kilikuwa na jamaa yake. Mama yangu alifunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari juu ya mlango, akatundika leso mbili. Nyuma ya leso zile palikuwa na mkeka wangu na kopo langu la kutilia vitu. Leso haina komeo. Lakini marehemu mama hata siku moja hakuifunua bila ya kuniita kwanza jina langu. Mpaka leo mimi ni mzee, nikisikia jina langu likiitwa kwa upole nahisi niko nyuma ya leso ile, na kuwa niko mahali pangu.

Kwa hiyo mwenye kuta na apange kwa kuta, na asiye nazo na apange kwa leso. Kinachomkuza mtoto ni ile sauti inayongoja nje.

Yule kijana wangu aliikunja karatasi yake akaondoka. Baada ya miezi kadhaa nilipita kwake kumpa pole ya msiba, nikamkuta amesimama kwenye ukumbi wa nyumba yake mpya, mbele ya mlango ambao haujapakwa rangi. Alikuwa akigonga. Ndani sauti ndogo ikauliza: "Nani?" Akajibu: "Baba." Ikapita kitambo, maana aliye ndani hakuwa na haraka. Kisha ikasema: "Karibu."

Wabillahi taufiq.